Kumbukumbu za kiwewe cha utotoni

Kumbukumbu za kiwewe cha utotoni ni yale ambayo mtu mzima anayakumbuka kuhusu matukio ya kutisha yaliyompata alipokuwa mtoto, kama vile vita, kipigo kikali au unyanyasaji wa kingono. Wengi huyakumbuka maisha yao yote. Wengine hukaa miaka mingi bila kuyakumbuka.

Umri

Kwa kawaida watu wazima hukumbuka machache sana yaliyotokea kabla ya umri wa miaka 3 hivi. Usahaulifu huo huwapata watu wote na si dalili ya kiwewe. Baada ya umri huo, tukio la kutisha huelekea kubaki akilini. Mwaka 1976 watoto 26 walitekwa nyara katika basi la shule huko Chowchilla, California (Marekani), wakafungiwa katika gari lililofukiwa ardhini. Daktari Lenore Terr aliwahoji miaka michache baadaye, akakuta bado wanalikumbuka tukio hilo, ingawa baadhi yao walikosea sehemu za maelezo.

Tafiti

Mwaka 1994 Linda Meyer Williams alichapisha utafiti kuhusu wanawake 129 ambao rekodi za hospitali zilionyesha kwamba walinyanyaswa kingono utotoni. Walipohojiwa takriban miaka 17 baadaye, asilimia 38 hawakulitaja tukio hilo. Hata hivyo, asiyetaja huenda amesahau, au anaona aibu kusema. Mwaka 2003 Gail Goodman na wenzake walitoa matokeo ya watu 175 wenye historia kama hiyo: asilimia 81 walilitaja. Walioungwa mkono na mama zao baada ya kusema walielekea zaidi kulitaja.

Kumbukumbu bandia

Mtu anaweza pia kukumbuka jambo ambalo halikutokea. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwasimulia watu 24 kisa cha kutungwa, kwamba waliwahi kupotea dukani wakiwa wadogo. Robo yao hivi walikikubali chote au sehemu yake.

Kwa sababu hiyo wanasaikolojia wengi huonya dhidi ya maswali yanayomwekea mtu jibu mdomoni na dhidi ya kutumia hipnosia kutafuta kumbukumbu. Wakati huohuo, kuchelewa kusema hakuthibitishi kwamba mtu anadanganya. Uhakika wa msimulizi pekee hautoshi kutenganisha kumbukumbu ya kweli na ya bandia. Ushahidi mwingine, kama rekodi au mashahidi, unahitajika.