Jicho na Hiari: Ugumu wa Uamuzi katika Kikapu, Besiboli na Riadha ya Mbulu

Wilaya za Mbulu na Hanang zinasifika kwa wakimbiaji: John Stephen Akhwari, aliyemaliza maratoni ya Mexico City mwaka 1968 mguu ukiwa umefungwa bandeji, na Gidamis Shahanga, bingwa wa maratoni ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Husikii mengi kuhusu mwalimu anayesimama na daftari kwenye mstari wa kumalizia, kisha alasiri akashika filimbi kuchezesha kikapu. Yeye ndiye wa kuulizwa jambo wanalobishania Wamarekani: kati ya kikapu na besiboli, ni uamuzi upi mgumu zaidi?

Besiboli haina mizizi huku, lakini uamuzi wake unafanana na ule wa mstari wa kumalizia. Mpira uliorushwa kwa kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha, na mwamuzi aliyeinama nyuma ya mdakaji lazima atamke kama umepita ndani ya eneo halali la kupigwa au nje. Kazi hiyo inatisha. Hata hivyo jibu lipo. Kinachoweza kukosea ni jicho, na jicho husaidiwa. Septemba 2025 ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliidhinisha rufaa za kamera kwa msimu wa 2026. Mwezi huohuo, kwenye maratoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, jirani yetu, na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Picha ikampa Simbu dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03.

Kikapu hakiamuliwi hivyo. Watu kumi ndani ya mita 28 kwa 15 lazima wagusane, na sheria haikatazi kila mguso. Inakataza ule unaomnyima mwenzako haki yake. Niliwahi kuchezesha kwenye uwanja wa udongo. Mpira uligonga kokoto ukaruka pembeni, wawili wakaufuata, bega likakutana na bega, mmoja akaanguka. Nikapuliza. Filimbi ikiwa bado mdomoni nikatambua kuwa nimemwadhibu mlinzi aliyetangulia kufika na kusimama wima. Kamera ingeonyesha mabega yaligusana. Kama kuna aliyedhulumiwa, hilo ningeliamua mimi.

Simdharau mhesabu mizunguko wa riadha. Mita 10,000 ni mizunguko 25. Wakimbiaji 20 watampita mara 500, waliozidiwa mzunguko wakichanganyika na wanaoongoza. Lakini adui yake ni uchovu, na msaidizi wa pili humpunguzia. Kwenye kikapu, mwamuzi wa tatu huongeza macho, na pia huongeza kipimo kingine cha dhuluma. Ndiyo maana nashikilia kwamba kikapu ni kigumu zaidi.

Kwa hiyo walimu wanaoandaliwa kuchezesha UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wasiishie kukariri vifungu. Wakae pamoja, watazame migongano ileile mara kumi, wabishane hadi vipimo vyao vikaribiane.