Chupa za Bia na Mwanasesere

Mwaka 1947, ndugu msomaji, katika jimbo la California kule Marekani, yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana kabisa. La kwanza liliwafanya waendesha pikipiki waogopwe dunia nzima. La pili, baada ya miaka mingi kupita, ndilo lililowapa nafasi ya kupokelewa tena majumbani mwa watu. Vilabu vyenyewe ni vya zamani kuliko hapo, kwa mfano kile cha San Francisco kilizaliwa 1904, lakini mimi habari yangu naianzia 1947.

Tuanze na Hollister. Huu ulikuwa mji mdogo wa wakulima, watu wake hawazidi elfu tano hivi. Mwanzoni mwa Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, paliandaliwa mashindano ya pikipiki, na waendeshaji wapatao elfu nne wakamiminika mjini. Wengi wao ni vijana waliokuwa wametoka vitani. Hebu fikiria: mtu amekaa miaka mitatu anapigwa mizinga, leo anarudi nyumbani anaambiwa akae kimya afunge tai. Walikunywa, wakashindana barabara kuu, wakavunja chupa, wengine wakaingia na pikipiki zao baa. Askari wa mji walikuwa wachache mno, ikabidi waletwe wengine kutoka nje. Watu kama hamsini walikamatwa, wengi kwa ulevi na kuendesha ovyo, na majeruhi walikuwa kiasi hicho hicho. Fujo ilikuwapo, sikatai. Lakini hakufa mtu na mji haukuchomwa moto.

Sasa ngoja uone kalamu na kamera zilivyofanya kazi. Jarida la Life lilichapa picha moja ya jitu nene limekaa juu ya Harley-Davidson, chupa ya bia mkononi, na chini ya magurudumu chupa tupu zimejaa tele. Mtu mmoja wa mji ule, ambaye anaonekana nyuma ya picha hiyo hiyo, alikuja kusimulia kwamba chupa zile zilikusanywa kwanza, zikapangwa, ndipo picha ikapigwa. Haidhuru, picha ilikuwa imeshakwenda.

Na sisi waandishi tumo. Mwaka 1951 jarida la Harper's lilitoa hadithi fupi ya Frank Rooney iliyotokana na kisa cha Hollister. Humo binti wa mwenye hoteli anauawa na pikipiki. Nimeshasema, Hollister hakufa mtu. Hadithi hiyo ndiyo iliyozaa sinema ya The Wild One, 1953, na Marlon Brando ndani ya jaketi lake la ngozi. Waingereza waliiogopa sinema hiyo hata wakaizuia kwa zaidi ya miaka kumi. Hivyo ndivyo hadithi fupi moja, ya kurasa chache tu kama hizi tunazohangaika nazo sisi vijana, ilivyomuua msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa, na kila mwenye pikipiki akawa mshtakiwa. Simlaumu Rooney. Alikuwa anatunga, na kutunga ni haki yake. Ila kila nikikaa kuandika namkumbuka.

La pili lilitokea Los Angeles mwishoni mwa mwaka ule ule. Mama mmoja, Diane Hendricks, alitengeneza mwanasesere kwa mkono wake, akamtuma mumewe akampe mtoto mwenye shida wakati wa Krismasi. Mume, Bill Hendricks, alikuwa meja wa akiba katika kikosi cha Marine. Alitafuta shirika la kupokea, asilipate. Mkewe akamwambia basi lianzishe wewe. (Wanawake bwana, mambo mengi makubwa yanaanzia kwenye jibu fupi la namna hiyo.) Hendricks na wenzake wakakusanya vitu vya kuchezea kama elfu tano mwaka ule, na mwaka uliofuata kikosi kizima kikaichukua kazi hiyo nchi nzima kwa jina la Toys for Tots.

Pikipiki ziliingia humo baadaye. Chicago, kwa mfano, gwaride la waendesha pikipiki la kupeleka vitu vya watoto lilianza 1978. Linafanyika Desemba, mwezi ambao baridi ya kule inauma hadi mfupani. Masharti yake ni mepesi: njoo na pikipiki yako, na chombo kimoja cha kuchezea ambacho ni kipya. Ndipo unaliona jitu lenye ndevu hadi kifuani, michoro mikono yote miwili, limemfunga dubu wa manyoya nyuma ya kiti kwa mpira kama abiria. Mpiga picha wa Life angezikuta chupa wapi hapo?

Njia ninayoipenda zaidi mimi ni ile ya karata. Klabu inasikia kwamba familia fulani ya mtaani imeunguliwa nyumba, au mwenzao ameanguka barabarani na gharama za hospitali zimemshinda. Wanatangaza siku. Kila anayekuja analipa kiingilio, anapewa karatasi, anapanda pikipiki na kupita vituo vitano. Kituo kinaweza kuwa baa, gereji, hata uwanja wa kanisa. Kila kituo anaokota karata moja. Jioni wanakutana, na mwenye karata tano bora anapata zawadi, fedha nyingine zote zinakwenda kwa ile familia. Anayekimbia sana hapati chochote cha ziada, maana karata haijui mwendo. Mwenye bahati akiwa mwungwana, na zawadi yake anairudisha kwenye kapu.

Wapo wanaosema huko ni kujisafisha, kwamba kundi lenye kesi za bunduki na dawa za kulevya linagawa midoli Desemba ili lipigwe picha nzuri. Yapo makundi ya namna hiyo, na mashtaka yake yamo mahakamani. Lakini tukisema wote ndivyo walivyo, tutakuwa tumerudi kupanga chupa chini ya magurudumu.

Nimeyasoma haya yote kwa sababu naandika riwaya ya bodaboda. Rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri tu, alipoona sura tatu za mwanzo aliniuliza, "Mbona hajapora hata pochi moja? Bodaboda gani huyo?" Nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri.

Jina la bodaboda lilitoka mpakani Busia, Kenya na Uganda, ambako tangu miaka ya 1960 watu walivushwa kwa baiskeli. Pikipiki zikaja kushika nafasi hiyo. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo 2008, na Tanzania ikatunga kanuni za kuzipa leseni za kubeba abiria 2010. Vijana wakapata kazi, na hospitali nazo zikapata majeruhi. Klabu ya Chicago inatoa fedha ili ipande pikipiki, vijana wetu wanapanda pikipiki ili wapate fedha, tena wengi bado wanadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni. Kwa hiyo usiwaite klabu. Lakini nenda kijiweni.

Kijiwe cha karibu na kwetu, huku Mbagala, kina daftari la kurasa sitini na nne, jalada limechanika, linakaa kwa muuza vocha kwa sababu yeye hahami. Mwenzao mmoja aligongwa na lori usiku, akaacha mke na mtoto anayetambaa. Asubuhi mwenyekiti wa kijiwe aliegesha, akavua helmeti, akaigeuza juu chini. Elfu mbili mbili. Aliyekuwa hajapata abiria alisema nitaleta saa nne, na saa nne alileta. Maiti ilisindikizwa na pikipiki nilizozihesabu mpaka nikachoka, taa zimewashwa mchana, honi zinalia. Jirani yetu alifunga dirisha akasema wahuni hao, wanapigia kelele hata wafu.

Mimi niliomba nilione lile daftari. Majina yamo kwa kalamu tofauti tofauti, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa. Marehemu mwenyewe nilimkuta mara nne katika kurasa za nyuma, misiba ya watu wengine, elfu mbili, elfu mbili, elfu moja, elfu mbili. Pale kwenye elfu moja kaandika pembeni kwa mkono wake: nadaiwa.