Kumi na moja kwa kumi na moja: Zanzibar, Januari 1961

Wazee wa Unguja na Pemba wanapotaja zama za siasa, huwa wanakusudia miaka ya 1957 hadi 1963, pale maduka, mabasi na hata maziko yalipogawanywa kwa vyama. Ndani ya miaka hiyo upo mwezi mmoja ambao hausimuliwi sana, nao ni Januari 1961.

Tarehe 17 ya mwezi ule Wazanzibari walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi Party ya Sheikh Abeid Karume ilipata viti 10. Hizbu, yaani ZNP ya akina Sheikh Ali Muhsin, ilipata tisa. Vitatu vilivyobaki, vyote vya Pemba, vilichukuliwa na ZPPP, chama kichanga kilichozaliwa mwishoni mwa 1959 baada ya Mohamed Shamte, Ameri Tajo na Ali Sharif kujitoa Afro-Shirazi. Chake Chake ilikwenda kwa ASP kwa kura moja tu. Laiti kura hiyo ingeangukia upande wa pili, haya yanayofuata yasingetokea, angalau si kwa namna hii.

Ghafla wajumbe watatu wakawa na thamani kuliko wote. Kila upande uliwabembeleza, na chama chao kikapasuka: Shamte na mwenziwe wakaelekea Hizbu, Ali Sharif akarudi kwa jamaa zake wa zamani. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kuunda serikali.

Hapo ndipo ninapoona fursa iliyopotea. Sare ile ilikaribia kuwalazimisha wakubwa wawili, ASP na Hizbu, wakae meza moja, maana hakuna aliyekuwa na haki ya kujiita mshindi. Lakini Waingereza na vyama vyenyewe wakaona dawa ni kurudia uchaguzi. Ikawekwa serikali ya mpito, likaongezwa jimbo la 23 ili idadi isigawanyike tena sawasawa, watu wakaitwa vituoni Juni. Tatizo la kisiasa likatibiwa kwa hesabu.

Safari hii Hizbu na ZPPP walipatana mapema wasigombanie majimbo. ASP ikapata karibu nusu ya kura zote na viti 10. Hizbu, kwa kura chache zaidi, nayo ikapata 10, ZPPP tatu. Siku ya kupiga kura, tarehe 1 Juni, fujo zikalipuka mjini zikaenea mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Hali ya hatari ikatangazwa, askari wakaletwa kutoka bara.

Serikali ya mseto ikaundwa na bei yake ikalipwa hadharani: Shamte, ambaye chama chake kilikuwa na viti vitatu kati ya 23, akawa Waziri Kiongozi. Kwa kanuni za bunge hapakuwa na kosa lolote. Kwa mfuasi wa ASP wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja aliyejua chama chake kimeongoza kwa kura, ilikuwa vigumu kumeza. Mwaka 1962 kule London mazungumzo ya kuwaunganisha wote katika serikali moja yalishindikana. Julai 1963 ASP ikazoa zaidi ya asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13 kati ya 31, na Shamte akabaki madarakani. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Mapinduzi yakafuata Januari 12, mwezi mmoja na siku mbili baadaye.

Vyama vingi viliporudi baada ya miaka ya chama kimoja, hesabu nayo ilirudi. Mwaka 1995 CCM ilipata majimbo 26, CUF 24, na katika urais wa Zanzibar Salmin Amour wa CCM akamshinda Seif Sharif Hamad wa CUF kwa chini ya nukta moja ya asilimia. Muafaka wa 1999 na wa 2001 kati ya vyama hivyo viwili ulitiwa saini ukalegea. Ni baada ya Rais Amani Karume, mtoto wa Mzee Karume, kukutana na Maalim Seif Novemba 2009 ndipo kura ya maoni ya Julai 31, 2010 ilipokubali, kwa asilimia 66.4, kwamba chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri wagawanywe kwa uwiano wa viti. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein wa CCM alishinda urais kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Seif. Seif aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza.