Historia ya Mkopo Usio na Riba Dakawa

Mkopo usio na riba ni ule ambao mkopaji hurudisha kiasi kilekile alichopokea. Huko Dakawa, kata ya wakulima wa mpunga kando ya Mto Wami wilayani Mvomero, kwenye barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, mikopo ya namna hiyo imepita kwa sura nyingi: bidhaa za misafara, sukari na kanga za dukani, mchezo wa upatu, fedha za mpunga ulio bado shambani, na katika miaka ya karibuni mikopo ya halmashauri. Neno riba halikutajwa katika mikopo hiyo, lakini mingi ilikuwa na gharama. Gharama hiyo iliwekwa katika bei ya bidhaa, katika bei ya mazao, au katika tarehe ya mwisho ya kulipa, na historia ya deni katika bonde hili ni historia ya watu kujifunza mahali ilipowekwa.

Karne ya 19 eneo la Morogoro lilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara. Mji wa mtawala Kisabengo, ambao msafiri Stanley aliupitia mwaka 1871 na kuuita Simbamwenni, ulilishwa na biashara hiyo. Misafara iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, wakiwamo wa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji na Taria Topan, aliyemkopesha mwenye misafara Tippu Tip, walitoa vitambaa, shanga na waya, na mwenye msafara aliahidi kurudi na pembe za ndovu baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Wengi wa wakopaji walikuwa Waislamu, na dini yao inakataza riba. Kwa hiyo faida ya mkopeshaji iliingizwa katika bei: kitambaa kilichokopwa kilihesabiwa kwa bei ya juu kuliko kilicholipiwa taslimu, na pembe ikapokelewa kwa bei iliyopangwa kabla.

Pwani kulikuwa pia na bei khiyari. Mwenye shamba au nyumba alimuuzia mkopeshaji mali yake kwa sharti la kuikomboa kabla ya siku fulani. Hadi siku hiyo aliendelea kuitumia, huku akimlipa mnunuzi kodi. Kwa maandishi hapakuwa na riba hata senti moja, kwani yalikuwa mauzo na upangaji. Siku ikipita bila malipo, mali iliyokuwa na thamani kubwa kuliko deni ilibaki kwa mkopeshaji. Mikopo mingi ya aina hii iliyofuata, hata ile ya kadi katika nchi tajiri leo, imebeba kitu hicho hicho: muda wa neema, kisha siku ambayo masharti hubadilika.

Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na maduka yakasambaa. Mwenye duka alikuwa na daftari la madeni. Mkulima alichukua chumvi, mafuta ya taa na jembe wakati wa kiangazi, akalipa wakati wa mavuno. Serikali ya Uingereza, iliyoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilijaribu kuuzuia utaratibu huu kwa sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye mwenyeji hakuweza kudai mahakamani deni la Mwafrika isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Sababu iliyotolewa ilikuwa kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa huyo huyo aliyesemwa analindwa. Mikopo haikukoma, ila mkopeshaji asiye na kinga ya mahakama alijikinga kwa bei, akiuza ghali na kununua mazao rahisi. Mkulima mwenye akili na nidhamu naye alinyimwa mkopo rasmi ambao angeutumia kununua plau au ng’ombe wa kukokotea.

Katika miaka hiyo yote mkopo usio na riba kwa maana kamili ulikuwa upatu, ambao wengine huuita mchezo. Watu kumi wakitoa kila mmoja kiasi kilekile kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao akapokea chungu chote, anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila nyongeza yoyote. Anayepokea wa mwisho amewakopesha wote, naye hakupata faida. Ndiyo maana nafasi katika mzunguko hujadiliwa sana, na mwenye mgonjwa au mtoto anayeanza shule huombewa atangulie. Dhamana ya upatu ni uso wa mtu mbele ya majirani. Jambo linaloweza kuuvunja ni mmoja kupokea mapema kisha kuhama, na katika kijiji cha wakulima waliozaliwa hapo hilo lilikuwa gumu. Katika makazi ya watu waliotoka mikoa mbalimbali, kama Dakawa ilivyokuja kuwa, hatari hiyo iliongezeka.

Dakawa ya leo ilitokana zaidi na maamuzi ya serikali. NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lilianzisha hapa shamba kubwa la mpunga mwanzoni mwa miaka ya 1980, lenye eneo la umwagiliaji la hekta zipatazo 2,000. Maji hayaji kwa mteremko, huvutwa kutoka Wami kwa pampu za umeme, kisha husambazwa kwa mifereji. Msaada wa Korea Kaskazini umeacha alama katika jina la kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo, Cholima. Mwaka 1982 serikali iliwapa wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini ardhi ya makazi Dakawa, baada ya ile ya Mazimbu, Morogoro.

Wakati wa shamba la NAFCO mkazi wa kawaida wa Dakawa alikuwa kibarua zaidi kuliko mkopaji. Mikopo ya kilimo ya serikali ilipitia vyombo vilivyopokezana: Wakala wa Mikopo ya Maendeleo ya Taifa wa mwaka 1964, Benki ya Maendeleo Vijijini ya mwaka 1971, na CRDB ya mwaka 1984, ambayo mwaka 1996 ikawa benki ya biashara. Vyama vya ushirika, vilivyokuwa njia ya kuwafikia wakulima, vilivunjwa mwaka 1976 na kuruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mikopo mingi ya kipindi hicho haikulipwa. Wakulima wengi waliiona kama sehemu yao ya mali ya taifa, na viongozi wachache walithubutu kuwadai wapiga kura wao. Mazoea ya kudhani kwamba mkopo wa serikali ni zawadi yalianzia hapo, na gharama yake inalipwa hadi leo.

Shamba la taifa lilidhoofika katika miaka ya 1990, na maeneo yakaingia mikononi mwa wakulima wadogo, ambao ushirika wao unajulikana kwa jina la UWAWAKUDA. Hapo ndipo mkopo ukawa suala la kila nyumba. Mpunga wa umwagiliaji unataka fedha nyingi kabla ya kutoa punje: kulima kwa trekta, kuvuruga, mbegu (nyingi zikiwa SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002 kwa jina la TXD 306), vibarua wa kupandikiza na kupalilia, mbolea ya urea, mchango wa umeme wa pampu, kisha kuamia ndege. Mapato huja mara moja, mpunga ukishavunwa. Kati ya hapo kuna miezi minne au mitano ya mifuko mitupu, na katika miezi hiyo ndipo mnunuzi hutokea na fedha mkononi.

Kuuza mpunga ukiwa shambani ndio mkopo usio na riba uliowagharimu watu wa Dakawa kuliko mwingine wowote. Mnunuzi hutoa fedha wakati wa palizi, mkulima anaahidi magunia. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mkulima anapokea shilingi 40,000 kwa kila gunia atakalotoa, na siku ya kuvuna gunia hilo linauzwa shilingi 70,000 mashineni. Amelipa shilingi 30,000 juu ya 40,000, yaani asilimia 75 kwa miezi michache iliyo kati ya palizi na mavuno. Hakuna benki nchini yenye mkopo wa bei hiyo kwenye matangazo yake. Gunia likiwa la lumbesa, lililojazwa hadi kufanya kichuguu juu ya mdomo, gharama hupanda zaidi. Mauzo haya ya shambani ni dhuluma iliyozoeleka mno, na iliweza kudumu kwa sababu haikuandikwa kama riba. Mkulima hakuona asilimia, aliona fedha zilizomfikia siku mtoto alipofukuzwa shule kwa ada.

Njia za kuikwepa dhuluma hiyo zilikuja moja baada ya nyingine. Sheria ya stakabadhi za ghala ya mwaka 2005 ilimwezesha mkulima kuweka mpunga ghalani na kukopa kwa dhamana ya stakabadhi, badala ya kuuza siku ya mavuno bei ikiwa chini. Riba ya mkopo huo ilikuwa wazi, na mara nyingi ilikuwa ndogo kuliko hasara ya kuuza shambani. Huu ndio ulinganifu ambao mkopaji hodari hufanya: haulizi kama mkopo una riba, huuliza jumla atakayotoa. Vocha za pembejeo, zilizotolewa na serikali kuanzia msimu wa 2008/09, zilipunguza gharama ya mbolea na mbegu bora za mpunga na mahindi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA navyo vikaenea. Katika kikoba mwanachama hulipa riba, lakini riba hiyo hurudi kwake na kwa wenzake siku ya kugawana.

Simu ya mkononi ilileta mikopo ya haraka, kama M-Pawa iliyozinduliwa na Vodacom mwaka 2014. Hapa gharama huitwa ada, na neno hilo limewafanya wengi waamini kuwa hawalipi riba. Kando ya simu walikuwako wakopeshaji wa mitaani waliopewa na wananchi wenyewe jina la kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wadogo chini ya leseni na usimamizi.

Kadi ya mkopo haijafika Dakawa kwa kiasi cha kutajwa, lakini historia yake inaeleza jambo lilelile kwa uwazi. Diners Club ilianza Marekani mwaka 1950, na BankAmericard, iliyokuja kuitwa Visa, ilizinduliwa Fresno mwaka 1958. Benki zilipoanza kushindania wateja, zilitoa kadi za miezi kadhaa ya mwanzo bila riba. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ililazimisha punguzo la namna hiyo lidumu angalau miezi sita. Muda ukiisha, deni lililobaki huanza kutozwa riba ya kawaida ya kadi, ambayo ni kubwa. Anayehamisha deni kutoka kadi nyingine hulipa ada, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na anayechelewa kulipa kwa zaidi ya siku 60 anaweza kupoteza neema yote. Faida humwendea anayegawa deni kwa idadi ya miezi tangu siku ya kwanza: shilingi 1,200,000 kwa miezi 12 ni 100,000 kila mwezi, bila kuongeza manunuzi mapya. Hesabu hiyo inamfaa mwenye mshahara. Mkulima wa mpunga, anayepata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, hana cha kulipa mwezi wa Machi, na mkopo wa aina hiyo humnufaisha pale tu tarehe yake ya mwisho inapoangukia baada ya mavuno.

Tanzania ilichagua njia nyingine ya mkopo usio na riba. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa wanawake na vijana, agizo lililotekelezwa kwa kusuasua. Mwaka 2018 lilitiwa katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikopeshwe kwa vikundi bila riba. Kanuni zilifuata mwaka 2019. Hapo kikundi cha wanawake wa Mvomero kiliweza kupata mtaji ambao kwa kweli haukuwa na bei iliyofichwa. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, na ulistahili usimamizi bora kuliko ulioupata. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha utoaji. Waliolipa kwa uaminifu walifungiwa mlango pamoja na waliokula fedha. Utoaji wa mikopo ulianza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikianza kwa majaribio kupitia benki.

Kwa Dakawa swali lililobaki ni la kalenda. Fedha zinazotoka kabla ya kulima hununua mbegu na kulipia trekta, na marejesho yakipangwa baada ya mavuno mkulima hana sababu ya kumwita mnunuzi wa shambani. Zikichelewa hadi mpunga umeshapandikizwa, palizi huwa imeshalipiwa na mnunuzi huyo, magunia yameshaahidiwa, na mkopo wa halmashauri huingia katika matumizi ya nyumbani huku tarehe yake ya marejesho ikisubiri mavuno ambayo tayari ni ya mtu mwingine.