Pikipiki ya mtumba haianzi maisha kwako

Wadau, kuna simu nilipokea mwezi uliopita ambayo mpaka leo inanikosesha raha. Alikuwa mdogo wangu, yuko Kimwani, kule kusini mwa Muleba, karibu na ziwa. Kazi yake ni kununua samaki mwaloni na kuwapeleka sokoni kwa pikipiki, Boxer ya cc 150 ambayo anaijua kama kiganja chake. Akaniambia, "Kaka, nimepata chombo. Kipo huko huko Dar. Nakuja kukichukua mwenyewe, narudi nacho nyumbani."

Chombo chenyewe ni Yamaha R6 ya mwaka 2003, cc 600, mtumba wa Japan. Alikuwa ameshalipa. Mpango wake ulikuwa kushuka basi asubuhi, kuwasha pikipiki mchana, na kuitoa Dar es Salaam hadi Kimwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Eti kwa sababu ameendesha bodaboda miaka sita.

Mimi ni mwandishi wa habari. Ninajua habari ya ajali ya pikipiki inavyoandikwa: aya tatu, jina, umri, mahali, kauli ya kamanda wa polisi, basi. Nimeshaandika nyingi na sitaki kuandika ya nyumbani kwetu. Lakini kumwambia kijana wa miaka 24 "acha" ni sawa na kumwambia "endelea". Kwa hiyo nilifanya kile nilichosomea chuoni, nikatafuta historia. Nilichogundua ni kwamba karibu kila ushauri anaopewa mtu mwenye pikipiki mpya ya spoti umelipiwa na mtu fulani zamani. Nami nawaletea kama nilivyomwambia yeye.

Tuanze na ilikotoka. Pikipiki ya spoti haikuzaliwa barabarani, ilizaliwa kwenye mashindano. Mwaka 1907 yalianza mashindano ya TT katika kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, ambako mpaka leo watu hushindana kwenye barabara za kawaida zenye kuta za mawe. Mwaka 1959 Wajapani wa Honda walikwenda pale kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 wakashinda. Mwaka 1969 Honda ikatoa CB750, pikipiki ya kuuzia raia yenye silinda nne na breki ya diski mbele. Mwaka 1985 Suzuki ikaleta GSX-R750, ambayo ilikuwa kama pikipiki ya mashindano iliyofungwa taa na namba. Mwaka 1998 Yamaha wakatoa R1 yenye nguvu za farasi 150, na mwaka uliofuata mdogo wake, R6.

Sasa linganisha. Boxer ya mdogo wangu ina nguvu za farasi kama 12. Ile R6 inakaribia 120. Ni mara kumi, ilhali uzito wake bila mafuta ni kilo 160 na ushee tu. Kwenye Boxer ukivuta mafuta kwa pupa, injini inalalamika kidogo halafu inakwenda. Kwenye R6 gia ya kwanza peke yake inakupeleka kwenye mwendo ambao Boxer haifiki hata kwenye mteremko.

Na wenyewe waliozitengeneza hawakumpa kila mtu. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Mwaka 1975 Japan ilibadilisha leseni za pikipiki. Aliyetaka kupanda pikipiki ya zaidi ya cc 400 alilazimika kufanya mtihani kwenye kituo cha leseni kinachoendeshwa na polisi, na mtihani ule ulisifika kwa kuangusha watu. Vijana wengi wakabaki kwenye cc 400, ndiyo maana viwanda vya Japan vilitengeneza pikipiki nyingi nzuri za ukubwa huo. Mpaka mwaka 1996 ndipo shule za udereva ziliporuhusiwa kufundisha na kutahini watu kwa pikipiki kubwa. Yaani kwa miaka 20 na zaidi, kijana wa Tokyo asingepata R6 kwa kuwa tu ana hela. Kijana wa Kimwani anaipata siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: miaka sita ya bodaboda ni mtaji mzuri, lakini kwenye hiki chombo wewe bado ni mwanafunzi. Tafuta uwanja mtupu au barabara isiyo na watu asubuhi. Jifunze kuondoka taratibu, jifunze kusimama. Breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, ila inataka kukamuliwa polepole, usiishike ghafla kama unakamata kuku. Na kumbuka hesabu hii ya fizikia ya sekondari: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kushika breki unaongezeka mara nne. Ukizoea kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa, usidhani kwenye 100 utahitaji mara mbili tu.

Twende kwenye la pili: imefikaje kwetu?

Wazee wa Kagera watakuambia kwamba chombo cha moto kilikuwa cha wachache, na fahari ya mkulima ilikuwa baiskeli aliyonunua kwa hela ya kahawa. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikauka fedha za kigeni, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse pikipiki. Mwaka 1984 serikali ililegeza, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuleta bidhaa kutoka nje. Hapo mlango wa mitumba ukafunguka, nguo kwanza machoni pa watu, kisha magari na pikipiki.

Upande wa Japan nako kulikuwa na sababu ya kuuza. Kule pikipiki yenye injini inayozidi cc 250 lazima ikaguliwe kisheria, kwa kawaida kila miaka miwili, na ukaguzi unagharimu. Chombo kikizeeka, mwenyewe anapiga hesabu, anaona bora akiuze. Kwa hiyo unapopokea pikipiki ya mtumba, jiulize swali moja rahisi: kwa nini mwenzangu aliiacha? Huenda alipata watoto. Huenda alichoshwa na gharama. Au aliiangusha, ikapakwa rangi, ikapandishwa melini.

Hapo ndipo unatakiwa kuwa mwandishi wa habari kidogo, uache kumsikiliza muuzaji na kuisikiliza pikipiki yenyewe. Mimi na fundi mmoja jirani tuliikagua R6 ya mdogo wangu kwa saa nzima kabla hajafika.

Matairi. Kwa macho yalikuwa mazuri, kashata zimejaa. Lakini tangu mwaka 2000 tairi huandikwa ubavuni tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. La nyuma lilisomeka 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu na haushiki lami, hasa ikinyesha. Na kwetu Kagera mvua haina adabu, inakuja wakati wowote.

Mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi yanachemka breki ikipata moto, unakamata mkono wa breki unakuja mpaka mwisho bila kitu. Badilisha yote siku ya kwanza, halafu kila baada ya miaka miwili.

Shokapu za mbele. Moja ilikuwa inavuja oili. Oili ile ikishuka kwenye diski, huna breki. Tukashika usukani na kuutingisha kusikiliza kama beringi zimelegea, tukaangalia cheni na meno ya sproketi, tukaangalia ncha za usukani na vifuniko vya injini kama vina mikwaruzo ya kuanguka. Vilikuwa nayo upande wa kulia. Muuzaji hakuwa amesema.

Karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, herufi kwa herufi. Hamisha umiliki TRA mapema, kata bima, na hakikisha leseni yako ina daraja la pikipiki. Ukikaa na kadi yenye jina la mtu mwingine, siku ya matatizo utakuwa umepanda pikipiki ya mtu usiyemjua.

La tatu ni barabara, na hapa historia ni ya kwetu kabisa. Barabara kutoka mpaka wa Mutukula kupita Bukoba na Muleba hadi Lusahunga tuliizoea ya vumbi. Lami ilikuja vipande vipande baada ya mwaka 2000: Mutukula hadi Muhutwe, Muhutwe hadi Kagoma, kisha Kagoma hadi Lusahunga kupitia Biharamulo. Bila lami hiyo mdogo wangu asingeiota R6. Kwanza angeipeleka wapi?

Lakini barabara ikiwekwa lami, maisha ya pembeni yake hayahami. Mwenye baiskeli ya mikungu mitatu ya ndizi bado anapanda kilima akisukuma. Mbuzi bado wanavuka. Watoto wa shule bado wanatembea wanne wanne. Pale Kyamyorwa, njia panda ya kwenda Chato na Geita, kuna malori, mabasi, bodaboda na mama anayeuza mahindi, wote ndani ya hatua chache. Pikipiki iliyotengenezwa kwa watu wanaokwenda upande mmoja haijui kwamba kuna mbuzi.

Na ukitoka lami kwenda mwaloni, ni mchanga na mawe. R6 iko chini, matairi yake ni mapana na laini juu, tuta moja la kienyeji linakwangua tumbo. Injini inapozwa kwa maji, ina rejeta mbele inayopenda kutobolewa na kokoto. Ichelewe kupoa, fundi wa kijijini aliyezoea injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo atakuangalia tu. Kiti cha nyuma ni kama sahani. Tenga la samaki halikai pale, ndugu yangu, hata ukifunga kwa kamba ya mpira.

La mwisho ni kichwa.

Tarehe 13 Mei 1935, Mwingereza mmoja maarufu, T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alikuwa anarudi nyumbani kwake na pikipiki yake ya Brough Superior, moja ya pikipiki za kasi kuliko zote za enzi zile. Alikuwa na uzoefu wa miaka. Akakutana ghafla na vijana wawili wa baiskeli, akawakwepa, akaanguka. Hakuwa amevaa kofia ngumu, kwa sababu wakati ule karibu hakuna aliyevaa. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka. Akaanza kuchunguza majeraha ya vichwa vya askari wapeleka barua wa pikipiki, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari hao kuvaa helmeti. Raia wa kawaida wa Uingereza walilazimishwa mwaka 1973, miaka 38 baada ya Lawrence kuzikwa.

Nilipomsimulia mdogo wangu hii alikuwa ameshafika, tumekaa barazani, R6 iko mbele yetu chini ya turubai. Kwenye begi lake alikuwa na ile helmeti ya bodaboda, nyepesi, kamba imekatika na kufungwa fundo. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Wale vijana wa baiskeli waliumia?" Nikamwambia walipona. Akasema, "Kwetu barabara nzima ni vijana wa baiskeli."

Sikuongeza neno.

Haya, tumefikia wapi? Pikipiki ipo bado kwangu. Fundi amebadilisha sili za shokapu na mafuta ya breki. Matairi mapya yanatafutiwa hela, na bei yake imemfanya mdogo wangu ashike kichwa, maana jozi moja ni samaki wa miezi. Helmeti nzuri inayofunika kidevu amenunua, hiyo nilimchangia. Kila asubuhi kwa siku nane alifanya mazoezi ya kuondoka na kusimama kwenye uwanja wa mpira wa jirani, halafu akapanda basi akarudi kwenye Boxer yake na samaki wake. Anasema akirudi ataipakia kwenye lori hadi Muleba, asafirishwe yeye na chombo chake kama mizigo mingine, halafu ataanza upya taratibu kwenye lami ya nyumbani.

Jana amenipigia tena. Mama amepata habari. Hakuuliza cc wala mwaka. Ameuliza tu kama ina breki.