Jimmie Rodgers, Mwimbaji wa Reli Aliyefika Kericho

Walimu wenzangu wataniuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini jarida la walimu wa Kiswahili lishughulike na habari za mpiga gitaa wa Mississippi. Jibu nitalitoa huko mbele, tutakapofika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Kwa sasa yatosha kusema kwamba muziki uitwao kantri ulibisha hodi katika nyumba zetu za Afrika ya Mashariki siku nyingi zilizopita, ukafunguliwa mlango. Santuri za Jim Reeves zilichezwa mijini na vijijini, na wengi waliozisikiliza hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufahamu maneno yake. Wapo wenzetu wauonao muziki huo kuwa kilio cha walevi tu. Mimi siafikiani nao, na yafaa tumtazame yule ambaye Wamarekani wenyewe humwita baba wa muziki huo, kisha kila mtu ajihukumie.

James Charles Rodgers, aliyejulikana kwa jina la Jimmie, alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897. Mji aliouita kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, mahali palipokutana njia nyingi za reli. Baba yake alikuwa msimamizi wa kikundi cha vibarua waliotengeneza njia ya reli. Mama yake alikufa Jimmie angali mtoto mdogo, akawa mtu wa kulelewa leo na jamaa huyu, kesho na yule. Alipotimia umri wa miaka 13 alikuwa amekwisha kutoroka nyumbani kufuata maonyesho ya hemani, na baba akamfuata na kumrudisha. Mwishowe mzee aliona dawa ya mtoto mzururaji ni kazi, akamtia katika reli kuwa mchukuzi wa maji ya kunywa ya vibarua.

Hapo ndipo palipokuwa chuo chake. Vibarua wale aghalabu walikuwa watu weusi, wajukuu na vitukuu wa watumwa, na kazi yao ya kusukuma vyuma na kupigilia misumari mikubwa ilihitaji watu kumi kutenda kama mtu mmoja. Bila wimbo haikuwezekana. Mmoja alitoa, wengine walipokea, na nyundo zikaanguka pamoja. Sisi tufundishao fasihi simulizi tunazijua nyimbo za namna hiyo, nazo twaziita hodiya. Kijana Rodgers alichota maji kwa ndoo na nyimbo kwa masikio. Kutoka kwao alipata bluzi, na yasemekana hao ndio waliomwonyesha kushika banjo na gitaa. Majina yao hayakuandikwa popote.

Nataka niwe mkweli hapa, maana waandishi wengi wa maisha ya watu mashuhuri hupapita upesi. Baadaye, alipokuwa akizunguka na wauza dawa wa mitaani waliokusanya watu kwa ngoma na mzaha, Rodgers alipata kujipaka masizi usoni akaigiza mtu mweusi ili Wazungu wacheke. Ulikuwa mtindo wa siku zile, na wachezaji wengi waliufuata. Lakini huyu alikuwa anawachekesha watu kwa sura za waalimu wake mwenyewe.

Kazi yake ya utu uzima katika reli ilikuwa ya breki. Mtu wa breki hupanda juu ya mabehewa, huunganisha na kutenganisha, huangalia magurudumu, jua kali na mvua vyote vyake. Kazi ilikuja na kukatika. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, wakapata mabinti wawili; wa pili alifariki angali kichanga, mwaka 1923. Mwaka uliofuata Rodgers, akiwa na umri wa miaka 27, alianza kutema damu. Ulikuwa ni kifua kikuu.

Msomaji wa leo hana budi kukumbuka maana ya ugonjwa huo wakati ule. Dawa ya streptomisini haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Kabla ya hapo daktari aliweza kumwambia mgonjwa mambo mawili tu: pumzika, na tafuta hewa kavu. Mtu wa breki mwenye mke na mtoto hawezi kupumzika. Basi ugonjwa ulimwondoa katika reli ukamsukumia katika uimbaji, yaani kazi ya kutumia mapafu yale yale yaliyokuwa yakioza. Kila wimbo alioutoa tangu hapo aliutoa katika akiba isiyorudishwa.

Mwaka 1927 alikuwa Asheville, North Carolina, akiimba redioni na kikundi cha vijana, alipopata habari kwamba Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor amefika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, anatafuta waimbaji wa milimani. Wakaenda. Usiku wa kabla ya kurekodi wakagombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri, wakaachana. Vijana wakarekodi peke yao, na Rodgers naye, tarehe 4 Agosti, 1927, akaimba nyimbo mbili peke yake na gitaa lake. Alilipwa dola 100. Siku chache kabla yake, katika chumba hicho hicho, Peer alikuwa amerekodi familia ya Carter. Wanahistoria wa muziki wa Marekani huzitaja siku hizo kama sisi tunavyoutaja mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoundwa kusanifisha Kiswahili.

Hapana budi tumweleze Peer kidogo, kwa kuwa bila yeye haieleweki kwa nini Rodgers aligeuka kuwa mtunzi. Bwana huyu alipatana na kampuni kwamba faida yake itatoka katika hakimiliki za nyimbo. Wimbo wa kale usio na mwenyewe haukumletea kitu. Wimbo mpya ulimletea mrabaha kila santuri ilipouzwa. Kwa hiyo kila mwimbaji aliyefika mbele yake aliulizwa: una chako mwenyewe? Rodgers alikuwa na kichwa kilichojaa vipande vya wengine, na akawa hodari wa kuviunga hata vikawa kitu kipya. Pale viliposhindikana, alimwita shemeji yake Elsie McWilliams, dada wa Carrie, mwalimu wa muziki na mtu wa kanisa, ambaye alijua noti ilhali Rodgers hakuzijua. Bibi huyo alishiriki katika nyimbo nyingi, na katika baadhi yake jina lake halionekani. Ukizihesabu nyimbo za Rodgers, basi, kumbuka kwamba katika neno "mtunzi" wamekaa watu zaidi ya mmoja.

Mwishoni mwa Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, alirekodi wimbo uliomfungulia dunia, wa kwanza katika nyimbo 13 alizoziita yodeli za huzuni. Umbo lake latufaa sisi tufundishao ushairi. Kila ubeti una mishororo mitatu: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, na wa tatu unajibu. Hiyo ndiyo bahari ya bluzi, mali ya watu weusi. Mahali ambapo mshairi wetu angeweka kibwagizo cha maneno, Rodgers aliweka yodeli, yaani sauti isiyo na maneno inayoruka kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi ghafla, kama ilivyo desturi ya wachungaji wa milima ya Alps. Yodeli ilikuwako Marekani kabla yake, na bluzi vilevile. Aliyezifunga ndoa mbele ya umma ni yeye. Kuhusu mizani hakuwa mtiifu: alipotaka kuvuta neno alilivuta, na wapigaji waliomsindikiza walitaabika kumfuata. Mwanafunzi wangu angepoteza alama, lakini sikio linamsamehe.

Fedha zikaja kwa kasi, zikatoka kwa kasi zaidi. Alinunua magari, akatoa kwa kila aliyemwomba, na mwaka 1929 akajenga jumba Kerrville, Texas, mji waliokimbilia wagonjwa wa kifua kwa sababu ya hewa yake kavu. Mwaka huo huo aliigiza katika filamu fupi, amevaa nguo za mtu wa breki. Gitaa lake lilikuwa na jina lake mbele, na nyuma limeandikwa neno la shukrani. Alipomaliza kuimba aliligeuza, watu wakasoma.

Tarehe 16 Julai, 1930, mjini Los Angeles, alirekodi yodeli ya tisa. Anayepiga tarumbeta ni Louis Armstrong, na kwenye piano ni mkewe Lillian Hardin. Katika Marekani ya wakati ule, ambamo katika majimbo ya kusini mweusi na mweupe hawakuruhusiwa kukaa behewa moja la treni, watu hawa watatu walikaa chumba kimoja wakapiga bluzi moja. Ukiisikiliza utaona kwamba Armstrong anamfuata kila anapokwenda, hata pale anapopunguza au kuongeza mapigo. Hata hivyo kwenye santuri jina la Armstrong halikuandikwa, wala la mkewe. Ilipofika mwaka 1970 Armstrong aliupiga tena wimbo huo katika televisheni pamoja na Johnny Cash, watu wakajua.

Baada ya hapo mashaka yalimwandama. Mtikisiko wa uchumi uliporomosha biashara ya santuri, kwa maana mtu asiye na mkate hanunui wimbo. Jumba la Kerrville halikudumu mkononi mwake. Mwaka 1931 alifanya ziara na mchekeshaji mashuhuri Will Rogers kuwachangia walioathirika na ukame, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuchangiwa. Mwaka huo huo akarekodi wimbo juu ya kifua kikuu chake, akikitaja kwa jina mbele ya umma uliokuwa ukiuficha ugonjwa huo kama aibu. Wasikilizaji wengi walikuwa nao, au walikuwa na mtu nyumbani aliye nao. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kupendwa kwake kuliko katika yodeli zote.

Mwezi Mei 1933 alisafiri hadi New York kurekodi mara ya mwisho. Alihitaji fedha za kuwaachia mke na binti. Katika studio aliwekewa kitanda. Aliimba wimbo, akalala, akaamka akaimba mwingine. Kati ya tarehe 17 na 24 alikamilisha nyimbo 12. Usiku wa kuamkia tarehe 26 alikufa hotelini kwa kutoka damu mapafuni, umri wake miaka 35. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni. Katika miaka isiyotimia sita alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100.

Mjane wake Carrie aliandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1935, na gitaa la mumewe akamwazima kijana Ernest Tubb, ambaye naye alikuja kuwa mwimbaji mkubwa. Mwaka 1961, wanamuziki wa kwanza walipotukuzwa katika Jumba la Heshima la muziki wa kantri, walikuwa watatu, naye akiwa mmoja wao.

Sasa twende Kapkatet. Katika mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika katika nchi ya Kericho. Wasichana wa Kipsigis, wakiongozwa na Chemutoi Ketienya na wakisindikizwa na kinubi, walimwimbia wimbo uitwao "Chemirocha". Tracey aliambiwa kwamba Chemirocha ni kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamsihi aruke na kucheza kwa nguvu hata nguo zake zimvuke. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers. Santuri zake zililetwa huko na Wazungu pamoja na gramafoni, wenyeji wakamsikia, wakampenda, wakampatia mwili, kwa kuwa sauti isiyo na mwili haikai raha. Na sauti ile iliyoruka kutoka kifuani hadi kichwani ingekuwa ya mnyama gani kama si swala?

Angalieni, ndugu walimu, safari ya jina lenyewe. Lugha ya Kipsigis haipambanui *j* na *ch* kama Kiswahili, basi "Jimmie" likaanza na *Che*, na bila shaka masikio yaliridhika zaidi kwa kuwa majina mengi ya kike ya Kikalenjin huanza hivyo hivyo. Majina mawili yakaungana kuwa neno moja, na mwisho wake ukafungwa kwa irabu. Ni kazi ile ile tuifanyayo sisi tunapomkaribisha mgeni katika kamusi.

Rodgers alipokuwa akisubiri santuri yake ya pili, Siti binti Saad wa Unguja alikuwa karibu kuanza safari ya Bombay, ambako alirekodi mwaka 1928 kwa kampuni ya His Master's Voice. Nembo ya kampuni hiyo na ya Victor ilikuwa moja, yule mbwa asikilizaye pembe ya gramafoni. Siti hakusoma chuoni, alitoka katika ufukara wa Fumba, na sauti yake ikavuka bahari kwa chombo kile kile. Yeye alibahatika kuandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Chemutoi na wenzake hawakumpata Shaaban wao, ingawa Tracey aliandika jina la kiongozi wao katika kumbukumbu zake.

Rekodi za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika ya Kusini kwa miaka zaidi ya 60. Katika miaka ya 2014 na 2015 nakala zilirudishwa Kenya, na baadhi ya walioimba au kupiga mbele ya Tracey walipatikana wangali hai, wazee wenye mvi, wakakabidhiwa sauti zao za ujana.