Uvujaji wa maji ndani ya Land Rover za zamani

Uvujaji wa maji ndani ya Land Rover za zamani ni hali ya maji ya mvua, ya kuoshea gari au ya barabarani kupenya hadi mahali wanapokaa dereva na abiria. Hutokea hasa katika matoleo ya Series I, II na III (1948–1985) na yale yaliyofuata, ambayo tangu mwaka 1990 yaliitwa Defender. Magari mengi ya aina hii bado yanatumika Afrika Mashariki, hasa mashambani na katika hifadhi za wanyama, na wakati wa masika uvujaji huonekana zaidi.

Madhara yake si kulowa kwa viti tu. Maji yanayotuama ndani huozesha chuma kinachobeba usukani, pedali na bawaba za milango ya mbele, hivyo gari linaweza kuwa la hatari ingawa kwa nje linaonekana zima.

Muundo wa bodi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948. Wakati huo chuma kilitolewa kwa mgawo nchini Uingereza, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilitengenezwa kwa bati la aloi ya alumini. Chasisi ni ya chuma, na vilevile ukuta wa mbele unaotenganisha injini na dereva.

Fremu ya kioo cha mbele, paa, pande na milango hufungwa kwa bolti. Faida yake ni kwamba kipande kilichogongwa hubadilishwa peke yake. Hasara ni kwamba kila kiungo hutegemea mpira au gundi ya kuzibia, na mpira hukauka kwa jua na kupasuka. Tena alumini na chuma vikigusana penye unyevu, hasa wenye chumvi kama ule wa pwani, alumini huliwa na kuacha unga mweupe, na nafasi kwenye kiungo huongezeka.

Njia za maji

* Chini ya kioo cha mbele: mpira ulio kati ya fremu ya kioo na ukuta wa mbele hubanwa na kupoteza unene. Maji hudondoka juu ya miguu ya dereva.
* Vifuniko vya kuingizia hewa: viko viwili chini ya kioo, na sponji zake huoza. Katika Defender viliondolewa mwaka 2007.
* Paa: kiungo cha paa na fremu ya kioo, na ukingo wa mfereji wa mvua kuzunguka paa.
* Milango: katika Series II na III sehemu ya juu ya mlango hufungwa kwa bolti juu ya sehemu ya chini, na vioo vyake huteleza katika reli zinazojaa mchanga na kushika maji.
* Sakafu: mabati ya sakafu hufunguliwa ili kuifikia gia boksi. Yasipozibwa vizuri, maji ya madimbwi hupanda kutoka chini.

Kutambua chanzo

Mahali palipolowa mara nyingi si mahali maji yalipoingilia. Tone linaloingia kwenye pembe ya paa huweza kuteremka ndani ya nguzo ya fremu na kutokea miguuni.

Kwanza hutambuliwa aina ya majimaji. Yenye rangi, yanayonata na kunuka utamu hutoka kwenye hita au mipira yake. Yana sumu yakinywewa. Yenye utelezi wa mafuta karibu na pedali huenda yametoka kwenye masta silinda ya klachi au ya breki. Hilo hurekebishwa kabla gari halijaendeshwa tena.

Ikiwa ni maji ya kawaida, mikeka huondolewa na ndani hukaushwa. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi huku mwingine akimwagia maji taratibu kwa mpira, akianzia chini na kupanda sehemu moja baada ya nyingine. Akianzia juu, maji yatafunika viungo vyote kwa pamoja na chanzo hakitajulikana. Mpira wa mlango hupimwa kwa kufungia kipande cha karatasi: karatasi ikichomoka bila kukaza, mpira haubani. Wakati wa kiangazi, mistari ya vumbi iliyoingia ndani huonyesha matundu yaleyale.

Matengenezo

Mlango uliolegea hurekebishwa bawaba na kitasa kabla ya kununua mpira mpya. Mpira wa zamani hutolewa wote, gundi hukwanguliwa, kutu husuguliwa na chuma hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha mpira mpya huwekwa. Bolti za kioo na paa hulegezwa, gundi isiyokauka kabisa huwekwa kwenye kiungo, halafu hukazwa tena.

Kupaka silikoni juu ya ufa kwa upande wa ndani ni kosa la kawaida. Maji huendelea kuingia na kunaswa nyuma yake. Silikoni inayonuka kama siki huongeza kutu kwenye chuma kitupu. Matundu ya kutolea maji chini ya milango hayazibwi. Huzibuliwa kwa waya.

Ukuta wa mbele ukiwa umetoboka, hasa mahali pa kuwekea miguu, kubandika bati kwa ribiti na gundi hakurudishi nguvu yake. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima na bati jipya huchomelewa. Katika Series nyingi tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo huondolewa kabla ya kuchomelea, na betri hutenganishwa.

Kuzuia

Mikeka na sponji zilizolowa hutolewa na kuanikwa siku hiyohiyo, kwa sababu hushika maji juu ya chuma hata baada ya tundu kuzibwa. Ukaguzi wa mipira na matundu ya kutolea maji hufaa kufanywa kabla ya masika na kabla ya vuli.